Kamba ya Mvivu

Mama Mbao alizaliwa mashoto. Shuleni walimchapa viganja mpaka akajifunza kuandika kwa mkono wa kulia, na mwandiko wake hadi leo umelala kama nyasi zilizokanyagwa. Lakini kufagia, kukata kitunguu, kushona kifungo, kumfuta mtoto kamasi, hayo yote aliyafanya kwa mkono aliopewa na Mungu. Alipoolewa, mama mkwe alimtazama anavyopakua chakula akasema, "Huyu binti kila kitu anakifanya kinyume!" Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Kucheka na kuchekesha alikujua. Mtaani walimpenda kwa hilo. Mtu akija karakana amenuna, anaondoka ameshika mbavu.

Jina la Mama Mbao alilipata kwa kazi ya mumewe, ambaye ni seremala. Karakana yao ni chumba kirefu upande wa barabarani. Nyumba iko nyuma, na katikati kuna ua wa kuanikia nguo. Asubuhi Mama Mbao alifagia maranda, akapokea wateja, akaandika vipimo vya milango ukutani kwa chaki, kisha akaingia jikoni. Miaka mingi mumewe alipiga randa kwa mikono, mpaka mgongo ukaanza kulalamika. Kiwanda kimoja cha samani kilipofungwa, akapata pale randa ya meza, dude la chuma la kijani, lenye visu vinavyozunguka katikati ya meza yake. Ukiusukuma ubao juu ya visu, unatoka upande wa pili laini kama shavu la mtoto.

Furaha ilikatika siku ileile. Mota ya ile randa ilikuwa ya umeme wa njia tatu, na mtaa wao una wa njia moja tu, ule wa taa na pasi. Ofisi ya umeme wakaambiwa wasubiri nguzo. Wakasubiri, wakasubiri, mpaka Mama Mbao akawa anakunjia nguo juu ya randa.

Aliyewatoa kwenye shida hiyo ni mzee mmoja fundi wa kusuka mota, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya.

"Mkiwangoja watu wa nguzo mtazeeka," akawaambia. "Nitafutieni mota nyingine ya njia tatu, kubwa kuliko hii. Hata iwe kuukuu."

Ikapatikana. Mzee akaifunga sakafuni kwa boliti, karibu na ukuta, akaiunganisha na makopo ya kapasita na nyaya za kwenda kwenye randa. Akaeleza huku anajifuta mikono. "Mota ya njia tatu ukiipa njia moja inanguruma tu, kama mtu aliyeamshwa na hataki kutoka kitandani. Haizunguki. Lakini ukiizungusha kwanza wewe kwa kamba, ndipo ukaipa umeme, ikishika mwendo haiachi. Na ikishazunguka, yenyewe inazizaa zile njia zilizokosekana. Randa itanyonya kwake."

"Na kazi yake yenyewe ni nini?" akauliza Mama Mbao.

"Hiyohiyo. Kuzunguka."

"Haikati, haisagi, haivuti mkanda?"

"Haishiki chochote, mama. Inazunguka hivyohivyo."

"Basi huyo ni mvivu!" akasema Mama Mbao, na mzee akacheka mpaka miwani ikamshuka. Tangu hapo mota ile ikaitwa Mvivu.

Mzee akapigilia msumari ukutani, akatundika kamba. Akamwonyesha seremala: "Simama hapa, mgongo ukutani. Zungushia hivi, vuta hivi, piga swichi. Siku zote hivi." Hakusema kwa nini iwe hivyo, wala hakuna aliyemuuliza. Baadaye alihamia kwa binti yake, mbali, na hawakumwona tena.

Kazi ya kamba ilimwangukia shemeji. Huyu ni kaka mkubwa wa seremala, mtu mpole, mkimya, aliyefanya kazi kwenye mashine maisha yake yote mpaka kifua kikamchoka. Alikuja kwao kupumzika. Asubuhi alivuta kamba, Mvivu akaamka, kisha shemeji akakaa kwenye kigoda pembeni yake, kiganja kimoja juu ya kile chuma, kutwa nzima. Chuma kikizidi moto, aliinua mkono. Mdogo wake alipoona mkono ule aliunyanyua ubao akangoja. Kelele za randa haziruhusu maneno, kwa hiyo wale ndugu walizungumza kwa nyusi na vidole, na mara nyingine walicheka pamoja kwa jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua.

Mama Mbao hakuzisoma ishara zile. Alichokiona ni mtu mzima aliyekaa. Yeye anachota maji, anafua, anapika, na nguo za shemeji zimo kwenye beseni lake. Akipita na ndoo, shemeji amekaa. Akirudi, amekaa vilevile. Na kama tutasema kweli yote, kulikuwa na kijiwivu pia. Mumewe siku hizi alicheka zaidi karakana kuliko mezani.

Siku moja alikuja mteja, mwenye duka la vioo, mtu wa maskhara kama yeye. Akainama kumtazama Mvivu.

"Mama Mbao, hii mota mbona inazunguka peke yake kama mwendawazimu?"

"Hiyo ndiyo Mvivu."

"Na huyu bwana aliyekaa nayo?"

Mama Mbao hakufikiri. Neno lilikuwa tayari mdomoni, tamu, lenye chumvi yake. "Huyo? Huyo ni Mvivu wa Pili. Wa kwanza anakula umeme, wa pili anakula sufuria yangu!"

Mwenye duka la vioo akajipiga mapaja. Waliokuwa barabarani wakasogea kuuliza kuna nini, wakaambiwa, na wao wakacheka. Seremala alikuwa ameinamia ubao, randa inalia, hakusikia kitu. Shemeji alisikia. Akatabasamu, akainua mkono wake ule wa kuashiria moto, kama mwanafunzi anayeitika jina lake.

Kwa kuwa alitabasamu, Mama Mbao alijiambia kwamba hakuumia.

Jina likashika mtaa mzima. "Mvivu wa Pili, hujambo?" aliuliza muuza misumari. "Sijambo, jirani." "Mvivu wa Pili, bado tu umekaa?" aliuliza fundi rangi. "Nimekaa, fundi." Taratibu shemeji akaanza kuacha chakula kwenye sahani. Mama Mbao akimsogezea bakuli, anasema, "Nimeshiba, shemeji, Mungu akubariki." Kisha akaanza kufua nguo zake mwenyewe, kabla watu hawajaamka. Mama Mbao aliziona zinaning'inia uani, akajua, akafanya kama hajui.

Asubuhi moja alikuja mlangoni kwa jiko na begi lake.

"Shemeji, nimepumzika vya kutosha. Naenda kutafuta kazi."

"Na kifua chako?"

"Kifua kitazoea."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, kaa, shemeji, samahani kwa utani wangu. Mama Mbao alikuwa anapuliza moto. Akasema, "Haya, Mungu akutangulie." Na huyo Mungu aliyemtaja, aliyeona moyo wake asubuhi ile, alijua kwamba ulikuwa mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo.

Mumewe alipoamka akauliza, "Kaka kaondoka bila kuniaga? Kasema nini?"

"Kasema anatafuta kazi."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, hakuongeza wala hakupunguza, na aliyaweka juu ya mengine kama mtu anavyofunika chungu kwa sinia.

Seremala alikaa amejishika kiuno, anatazama kigoda kitupu. Alikuwa na madirisha ya mtu ya kumaliza. "Sasa kamba atavuta nani?"

"Mimi si nipo?" akasema Mama Mbao. "Kila siku namwona. Kuvuta kamba nako ni kazi ya kusomea?"

Akaitungua kamba msumarini. Pale ukutani palimbana; mkono wake wa kushoto ulitaka nafasi, kwa hiyo akasimama upande wa pili, mgongo mlangoni. Akaizungushia kamba kwenye puli, lile gurudumu dogo la ubavuni mwa Mvivu, jinsi mkono wake ulivyopenda, akavuta kwa nguvu zake zote. Mvivu akaanza kuzunguka. Akapiga swichi, Mvivu akanguruma, akashika mwendo, akaimba sauti yake ileile ya kila siku. "Umeona, baba watoto?" akapaza sauti, na mumewe akamwonyesha dole gumba.

Seremala akaiwasha randa. Visu vikishika kasi huoni vinaelekea wapi, unaona mng'ao tu. Akaulaza ubao, akausukuma kama alivyozoea. Siku zote ubao humsukuma mtu kidogo nyuma, kwa sababu visu huja kumlaki, na mkono wa seremala umejifunza kuegemea. Siku hiyo ubao haukumsukuma. Ulimpokonya. Ulichomoka kama mshale ukagonga fremu ya mlango, na mkono uliokuwa umeuegemea ukaangukia mahali ubao ulipokuwa, juu ya visu.

Mama Mbao alizima kila kitu. Maranda meupe yalikuwa yamegeuka rangi. Alimfunga mumewe kwa kanga yake mwenyewe, wakaenda zahanati wakikimbia, na muuguzi akashona alichoweza. Ncha za vidole viwili hazikurudi.

Walipokuwa kwenye benchi la zahanati, seremala alizungumza huku ameuma meno kwa maumivu. "Randa imezunguka kinyume. Mota haigeuki yenyewe. Ili igeuke, lazima mtu abadilishe nyaya."

"Nani abadilishe?"

"Nani alikuwa anakaa pale kutwa? Kaondoka bila kuniaga. Kumbe kaniachia mtego."

"Labda..."

"Labda nini?"

"Labda tumwachie Mungu," akasema Mama Mbao. Wakati ule hakujua, na kutojua kulikuwa raha kubwa, ingawa hakuitambua mpaka ilipokwisha.

Iliisha alipokuwa anafagia. Mumewe alikuwa amelala na mkono wake juu ya mto. Mama Mbao akaiokota kamba ili aitundike, na bila kuwaza akaizungushia puli ya Mvivu, akaivuta kidogo, swichi ikiwa imezimwa. Puli ikazunguka kuelekea mlangoni. Akaitazama. Akaenda kusimama kule ukutani, akajibana, akaizungushia tena kwa mkono wa kulia, polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika, akavuta. Puli ikazunguka kuelekea ukutani.

Akarudia. Kushoto, mlangoni. Kulia, ukutani. Mvivu hana njia yake mwenyewe. Anakwenda anakovutwa, na randa inamfuata. Hakuna waya uliobadilishwa.

Mama Mbao akakaa juu ya maranda na ufagio wake.

Alinuia kusema. Alinuia akipika uji wa mgonjwa, alinuia akimfungua bendeji, na kila alipofungua mdomo aliviona vile vidole akaufunga. Maana akisema la mkono, ataulizwa kwa nini kaka hakuwepo. Kamba ile ilikuwa na ncha mbili, na zote mbili alizishika yeye. Akipiga magoti kuomba, alikuwa akifika mahali pa kuomba msamaha ulimi unakwama, anaruka, anaombea wagonjwa na wasafiri, anasema amina haraka.

Siku moja mama mkwe akapiga simu. Seremala akampasulia. "Mama, mwanao mkubwa alitaka kunikata mkono. Ndiyo, nyaya. Simjui tena huyo, na akija kwako mimi sitakuja." Sauti ya bibi ilisikika ikilia ndani ya simu. Kisha akaomba kusema na mkwewe.

"Mwanangu, hebu niambie wewe. Yule mtoto wangu hawezi kuumiza hata kuku. Ni kweli amefanya hivyo?"

Mumewe alikuwa anamtazama. Mama Mbao akasema, "Sijui, mama."

Maneno mawili tu. Lakini usingizi ulimkimbia tangu siku hiyo, na chakula kikawa kama maranda mdomoni.

Muuza misumari ndiye aliyemwambia mahali shemeji alipo. Alimwona kwenye ghala la nafaka, ng'ambo ya soko, anashona midomo ya magunia. Mama Mbao akajifunga kanga, akaenda. Alimkuta amekaa chini, sindano kubwa mkononi, vumbi la nafaka limempaka nyusi kama mtu aliyezeeka ghafla. Alikuwa anakohoa.

"Shemeji! Karibu. Mdogo wangu hajambo?"

Swali hilo ndilo lililomvunja. Akapiga magoti pale kwenye vumbi, wapagazi wanapita na mizigo yao.

"Inuka, shemeji, watu watasema nakuroga."

"Siinuki. Mdogo wako ameumia vidole, na anasema ni wewe. Na si wewe. Ni mimi." Akamweleza yote, kamba, mkono wa kushoto, simu ya mama.

Shemeji alisikiliza kama alivyokuwa akimsikiliza Mvivu, kichwa upande. "Vidole vingapi?"

"Viwili. Ncha."

"Mkono gani?"

"Wa kulia."

Akafumba macho kidogo. Kisha akasema, kama anajisemea, "Mashoto. Kabla mzee wa mota hajahama, nilimwona akivuta upande wa pili kujaribu, nikajua. Sikumwambia mtu. Ningepaka hata alama ya rangi."

"Usijitie lawama zangu, shemeji! Na kuna lingine. Lile jina..."

"Aa, lile." Akaanza kushona tena. "Utani tu."

"Si utani. Nilikuumiza."

Sindano ikasimama. "Shemeji, mimi nilipokuwa kazini watu waliniita fundi. Nikaugua, nikaja kwenu. Kiti kile ndicho kilichonifanya nijione bado nina kazi." Akairudisha sindano kwenye gunia.

Kisha akasema, "Sikia. Rudi nyumbani, usiseme kitu. Mwache anilaumu mimi. Mimi ni kaka yake, miaka ikipita atalegea. Ninyi mnakula sahani moja. Akijua ni wewe, nyumba itaingia baridi."

Njia nzima ya kurudi Mama Mbao aliibeba zawadi ile. Ilikuwa nyepesi mkononi na nzito kifuani. Mtu mwenyewe amesema usiseme. Ni nani atakayeuliza tena? Alipofika pembe ya mtaa fundi rangi akamwita, "Mama Mbao, Mvivu wa Pili yuko wapi siku hizi? Tumemkosa!" Na akacheka, kwa kuwa jina lilikuwa tamu, kwa kuwa lilitungwa na mtu anayejua kutunga.

Mama Mbao hakupita jikoni. Alimkuta mumewe karakana, amekaa juu ya randa iliyozimwa, mkono kifuani.

"Baba watoto, shuka hapo. Simama mbali, unitazame mimi."

Akaitungua kamba. Akasimama mgongo mlangoni, akaizungushia kwa mkono wa kushoto, akavuta. Mvivu akaamka. Akaiwasha randa, akaiacha ishike kasi bila ubao, kisha akaizima. Visu vikaanza kupunguza mwendo, na vilipochoka jicho likaweza kuvifuata. Vilikuwa vinakimbia kinyume.

Seremala alisogea. Akaviangalia mpaka vikasimama.

Mama Mbao akamzima Mvivu, akamngoja atulie. Akaenda ukutani, akaizungushia kwa mkono wa kulia. Akavuta, akawasha, akazima randa tena. Visu vikapungua mwendo vikielekea kulekule vilikokuwa vikielekea siku zote.

"Nyaya hazikuguswa," akasema. "Ni mkono wangu. Na kaka yako hakuondoka kutafuta kazi. Nilimwondoa mimi kwa mdomo wangu. Nilimwita Mvivu wa Pili mbele ya watu, wakamwita mtaa mzima. Na mama aliponiuliza nikasema sijui, na nilikuwa najua."

Mvivu alikuwa bado anazunguka, anaimba. Uso wa seremala ulikuwa wa mtu anayesoma barua kwa lugha ya kigeni. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga.

"Yuko wapi?"

"Ghala la nafaka."

"Usiizime," akasema. "Kaa nayo. Ikipata moto ndiyo uzime." Akatoka, mkono wake wenye bendeji ameubeba kama mtoto.

Mama Mbao akakaa kwenye kigoda. Akaweka kiganja juu ya chuma, na kwa mara ya kwanza akajua pale palivyo. Kelele zinaingia kwenye meno. Joto la chuma linapanda taratibu, na ukiondoa mkono hujui limefika wapi, kwa hiyo huwezi kuuondoa. Huwezi kwenda kunywa maji, huwezi kusinzia, huwezi hata kujikuna kwa raha. Vumbi lililotikisika kutoka darini lilimshukia kichwani. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa kuwa wa pili ulikuwa umeshikilia swichi.

Walirudi pamoja, bega kwa bega. Seremala alikuwa amebeba begi la kaka yake kwa mkono mzima. Mama Mbao akainuka kwenye kigoda haraka kama mtu aliyekalia kiti cha mgeni. Shemeji akaweka kiganja juu ya Mvivu, akatikisa kichwa kuonyesha bado, haijapata moto.

Yalipita hayo. Seremala alimpigia mama yake, na Mama Mbao akaomba naye asemeshwe, akasema alichopaswa kusema. Mumewe hakumfukuza wala hakumtukana. Alijifunza kushika penseli kwa vidole vilivyobaki, na kila anaposhika, mkewe hutazama pengine. Shemeji alichora mshale wa rangi nyekundu kwenye ubavu wa Mvivu, na Mama Mbao anapofuta vumbi asubuhi huuzunguka mshale ule kwa kitambaa, hauparuzi. Kwenye sahani ya shemeji huweka chakula kwanza, kabla ya mtu yeyote. Siku hizi analimaliza bakuli, au karibu kulimaliza.

Lile jina tu ndilo lililomshinda. Alikwenda kwa muuza misumari, kwa fundi rangi, kwa mwenye duka la vioo, akawaomba mmoja mmoja waache. Wakamwambia, "Mama Mbao, si wewe mwenyewe uliyetuchekesha?" na wakaahidi, na kesho yake wakasahau.

Juzi alikuwa anafagia, mtu akaita kutoka barabarani kwa sauti ya kheri kabisa, "Hodi! Mvivu wa Pili yupo?"

"Nipo!" akaitika shemeji, akainua mkono.

Mama Mbao akainama, akaanza kufagia upya mahali alipokwisha kufagia.